Maji Saba ya Biskuti

Juma lililopita nilikuwa na shughuli chuoni Kyambogo, nikapita nyuma ya mabweni ambako msichana mmoja, mwanafunzi, alikuwa akimwogesha mbwa mdogo kwenye beseni. Mbwa mwenyewe sikumwangalia sana. Kilichonisimamisha ni harufu: sabuni ya mche, manyoya yaliyolowa na udongo mwekundu uliomwagikiwa maji. Harufu hizo, moja moja, nakutana nazo kila siku na hazinidhuru. Zote tatu kwa pamoja sikuwa nimekutana nazo tangu nikiwa na miaka tisa. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji mpaka yule msichana akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia ni jua tu. Mbingu ilikuwa imejaa mawingu.

Tuliishi katika kambi ya polisi, ng'ambo ya reli ukitokea Namuwongo, kwenye zile nyumba za mabati za mviringo ambazo watu waliziita "mama ingia pole", kwa sababu mlango ulikuwa mfupi na kila mtu, hata mwenye cheo, alilazimika kuinama. Waliokulia humo wanakumbuka jinsi bati lilivyochemka mchana na kutoa jasho la baridi alfajiri. Chumba kilikuwa kimoja. Pazia la maua lilitenga kitanda cha wazazi wangu na upande wetu, ambako kulikuwa na godoro langu na la Haboba.

Haboba ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Alikuwa mama yake mama yangu, mjane kutoka Bombo, aliyekuja Kampala kutibiwa macho akaendelea kukaa nasi. Mkeka wake wa kuswalia ulikunjwa juu ya sanduku, na hakuna aliyeugusa ila yeye. Baba alikuwa koplo, Mkatoliki kutoka kaskazini. Jumapili nilivaa viatu nikaenda naye kusali kanisani Lubaga; siku nyingine nilimshikia Haboba birika akitawadha. Kambini familia za namna hiyo zilikuwa nyingi, na hakuna mtu aliyetuuliza sisi ni akina nani.

Lakini iko desturi moja ambayo bila kuieleza sitaeleweka. Kwa watu wa baba yangu, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Hiyo ni heshima, na kadiri anavyomheshimu ndivyo anavyozidi kukaa mbali. Katika kijiji chenye nyumba nyingi jambo hilo ni rahisi. Sisi tulikuwa na pazia. Kwa hiyo waligawana saa za siku bila kuambiana. Baba alifanya zamu ya usiku, akarudi asubuhi kulala. Muda huo Haboba alikuwa ameshatoka, amekaa kwa jirani yetu Mama Rajabu, akichagua maharage au akisikiliza habari za watu. Baba alikohoa mara mbili kabla ya kuinama mlangoni, na kama Haboba alikuwa bado yumo, alijifunika mtandio akageukia ukutani mpaka Baba ampishe atoke.

Wakitaka kuambiana kitu, walinituma mimi. Mama alikuwa amekataa kazi hiyo mapema. "Mimi niko mke huku, niko mutoto kule," alisema. "Mutanipasua." Isitoshe alitoka na beseni lake la sumbusa kabla ya jua, akarudi jioni. Kila asubuhi Baba akivua buti aliniambia, "Enda uliza haboba wako ameamka namna gani." Nilikwenda hatua ishirini hadi kwa Mama Rajabu, nikauliza, nikarudi na jibu: "Anasema ameamka salama, na wewe pole na usiku." Niliifanya kazi hiyo kwa fahari. Nilijiona daraja.

Mbwa wetu Biskuti aliletwa na Baba mwenyewe. Nyumba aliyokuwa akilinda huko Kololo, wenyewe walihamia nje ya nchi, na mbwa wao alikuwa amemzoea askari wa getini kuliko alivyowazoea wao. Alikuwa teria, wale mbwa wadogo waliozaliwa kwa ajili ya kuingia mashimoni kufuata panya: mweupe, mwenye kiraka cha rangi ya biskuti kilichofunika jicho moja na sikio, manyoya magumu kama ya brashi ya viatu. Hakuzidi paka mnono. Baba alimtoa ndani ya koti la mvua, na mstari mzima wa nyumba ukatoka kutazama.

"Afande, hii ni mbwa ama ni panya?" mmoja aliuliza.

"Ni mbwa ya wazungu hiyo. Inakula mukate na siagi."

"Itakula posho," alisema Baba.

Akala posho, ugali wetu wa mahindi. Akala na mukene, zile dagaa kavu, vichwa na yote. Siku ya pili aliua panya wanne chini ya rundo la mbao nyuma ya jiko, akawapanga mlangoni, na kuanzia hapo hakuna aliyemcheka. Akina mama walikuja kumwazima. "Tupe askari wako kidogo," waliniambia, nami nikaenda naye, kamba mkononi, kama mtu anayempeleka fundi.

Kumtunza ilikuwa kazi yangu. Nilijifunza kwa kumtazama, maana hakukuwa na mtu wa kumuuliza wala kitabu cha kusoma. Niligundua kuwa manyoya yaliyokufa hayatoki kwa kuchana. Yanang'olewa kwa vidole, machache machache, kufuata yanakoelekea, naye anapenda. Kupe nilimtoa kwa kumpaka mafuta ya taa kidogo kwanza. Niligundua kwamba akitetemeka haogopi, bali amesikia kitu ardhini. Na niligundua kwamba ukimwogesha, kitu cha kwanza atakachofanya ni kukimbilia udongo mkavu na kugaagaa mpaka arudi kunuka kama mwanzo. Hilo la mwisho nililijua vizuri. Nalisisitiza kwa sababu siwezi kusema sikulijua.

Haboba hakuwa na ugomvi naye. Alimwekea mifupa kwenye kipande cha jani la mgomba, akamsukumia kwa fimbo. "Mimi sina vita na yeye," alisema. "Mungu aliumba yeye hivyo. Lakini mate yake na mkeka wangu, hapana." Biskuti alilijua jambo hilo. Alilala jikoni, kibanda cha mbao kisicho na mlango, na hakuwahi kuingia ndani ya nyumba.

Siku moja alilamba bakuli la Haboba lililoachwa nje. Nilidhani atapigwa. Haboba alichukua bakuli, akachota udongo safi, akalisugua lote ndani na nje, akalisuuza. Kisha akalisuuza tena, na tena. Nilihesabu. Maji saba, na ya kwanza ndiyo yaliyokuwa na udongo.

"Sasa ni safi?" niliuliza.

"Sasa ni safi kabisa, biniya. Hata kama alilamba mwaka mzima."

Wanubi humwita mtoto wa kike biniya, na kila aliponiita hivyo nilijiona nimeambiwa siri. Niliiweka siri hiyo kichwani: udongo mara moja, maji saba, na uchafu wa mbwa umekwisha.

Mvua za masika zilipoanza, mbwa wasio na wenyewe walijaa kambini wakifuata mabaki ya jikoni. Mmoja alimng'ata mtoto wa darasa la kwanza mguuni. Jumanne asubuhi amri ikasomwa kwenye paredi: jioni ya Ijumaa, na tena Jumamosi, nyama yenye sumu itatupwa kambi nzima na kando ya reli. Mwenye mbwa amfungie ndani ya nyumba. Jikoni hakuhesabiki. Atakayekutwa nje hana mwenyewe.

Baba alirudi akaketi kitandani bila kuvua buti. Biskuti alikuwa nje akichimba. Tulisikia kucha zake.

"Enda kwa haboba wako," alisema. Alizungumza polepole, kama anayeandikisha maelezo kituoni. "Mwambie namwomba. Ijumaa na Jumamosi mbwa alale ndani, hapa mlangoni, nitamfunga kamba fupi, hatafika kwa mukeka. Akikataa, sitakasirika. Ni haki yake. Aseme tu mapema, nipate kumupeleka kwa rafiki yangu Kololo."

Nilikwenda nikasema yote, hata lile la Kololo. Haboba alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Aliokota mawe mawili, akayatupa.

"Mwambie baba yako, nyumba ni yake," alisema. "Mbwa aingie. Mimi nitabeba mukeka wangu, nitakaa hapa kwa Mama Rajabu."

"Kuja tu, mama," alisema Mama Rajabu. "Kwangu hakuna mbwa. Kuna panya tu, na hawana dini."

Wakacheka wote wawili. Leo nikikumbuka nasikia kicheko hicho wazi, na nasikia kwamba ilikuwa ruhusa, imetolewa kwa moyo mweupe na mwanamke aliyekuwa akienda kulala nyumba ya pili kwa siku mbili. Lakini miezi michache nyuma, katika mstari wetu, mke wa sajini mmoja alikuwa amesimama mbele ya watu akamwambia mumewe maneno hayohayo, "Nyumba ni yako." Akabeba godoro kichwani, akaenda, na hakurudi. Watoto wake walikula kwetu, wakala kwa wengine, kisha wakapelekwa kijijini. Mimi nilijua maana ya maneno hayo. Mtu mzima akisema nyumba ni yako, anaondoka. Kicheko nilikiona ni kile cha watu wazima wanaoficha.

Niligeuka kurudi. Katikati ya njia kulikuwa na tangi la maji. Nililizunguka mara mbili. Nikifikisha ujumbe huo, Haboba atabeba mkeka wake na sitamwona tena. Nikisema amekataa, Biskuti ataenda Kololo, na huyo naye sitamwona tena. Nikainama, nikaingia ndani.

"Amesema ngoja," nilimwambia Baba.

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa."

Alinitazama, kisha akaanza kufungua kamba za buti. "Sawa," alisema. "Ni mutu muzima. Hawezi kukimbizwa."

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Hata sasa nikiupitia hatua kwa hatua sioni pale ambapo mtoto mwenye akili angesita. Bakuli lilikuwa najisi kwa sababu ya mbwa, likaoshwa, likawa safi kabisa, hata kama alilamba mwaka mzima. Basi nimwoshe mbwa mwenyewe. Ijumaa nitamleta mbele ya Haboba, nimwambie nimehesabu, naye hatahitaji kuhama. Hakuna atakayeondoka.

Jumatano nilimwosha nyuma ya jiko, mama akiwa sokoni, Baba akiwa usingizini. Udongo, kisha maji kutoka pipa la mvua, jagi kwa jagi, saba. Alipotikisika na kugaagaa, nilielewa kwamba amejichafua upya na hesabu imeharibika. Nikaanza tena. Alhamisi nilimwosha mara tatu, maji saba kila mara, nikatumia sabuni yote ya Mama. Yalikuwa maji ya masika, baridi mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Yeye hakubweka. Alisimama mkia chini, akitetemeka, na sikujiuliza kama safari hii alikuwa anasikia kitu ardhini. Jioni hiyo nilipopiga mluzi, kwa mara ya kwanza hakuja. Nilimkuta chini ya mbao, mahali alipoua panya wake wa kwanza, nikamvuta kwa miguu ya nyuma.

Haboba alituona. "Unaogesha yeye sana," alisema kutoka kwa Mama Rajabu. "Atakuwa samaki." Nikacheka. Sikumweleza, nilitaka aone siku yenyewe.

Ijumaa jioni lori la zamu lilikuja mapema kuliko kawaida. Baba alikuwa ameshavaa mkanda. "Haboba amesema nini?"

"Bado anafikiri."

Aligeuza kichwa upande wa Mama Rajabu, ambako Haboba alikuwa ameketi, mgongo kwetu. Lori likapiga honi. Nilimwona akifungua mdomo, kwa sekunde moja nikadhani ataivunja desturi, atatembea zile hatua ishirini na kuuliza mwenyewe. Hakwenda. Alikuwa mtu wa heshima. "Mama yako akirudi, mwambie amuingize kwa nguvu," alisema. "Mimi nitaomba radhi kesho." Akapanda lori.

Mama alikuwa hajarudi. Nilikuwa na muda wa maji saba ya mwisho. Nilimshika Biskuti, nikampaka udongo, nikasuuza mara moja, mbili, tatu, nne. Hapo nikaona kamba ya shingoni. Nayo ilikuwa ya mbwa, imelowa mate, haijaoshwa hata siku moja. Nikaifungua ili niioshe peke yake. Alikuwa na povu mwili mzima. Alipojinyonga mikononi mwangu hakukuwa na kitu cha kushika.

Alipita chini ya ua wa matete, akatokea upande wa reli. Nilizunguka nikimwita. Alikuwa amesimama kama hatua kumi mbele, juu ya kokoto, mweupe kwa sabuni, ananitazama. Nilipiga mluzi. Akainua sikio lile la rangi ya biskuti, akapiga hatua moja kuja kwangu. Kisha akaona jagi mkononi mwangu. Nilikuwa nimekimbia nalo bila kujua. Akageuka akaenda, bila haraka sana, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Filimbi ya kuingiza watoto ndani ikapigwa. Mama, aliyekuwa akitua beseni lake, alinishika mkono akaniinamisha mlangoni. Nililia mpaka nikalala, na kila mtu alijua ninalilia nini, na hakuna aliyejua.

Asubuhi walipita na toroli kuokota mizoga. Biskuti hakuwa ndani yake. Alikuwa kwenye mfereji wa kando ya reli, na ni Haboba aliyetangulia kumwona, licha ya macho yake yale. Sabuni ilikuwa imemkaukia mgongoni, manyoya yamesimama. Haboba alichuchumaa mbali kidogo.

"Baba yako hakumuingiza?" aliniuliza. "Mimi nilisema aingie."

Akaunyooshea mgongo wa mbwa fimbo yake.

"Na hii sabuni?"

"Nilimwosha maji saba, ili usihame."

"Lakini ni chombo, biniya," alisema taratibu. "Unaosha chombo. Mbwa ni mbwa tu. Hajakosa kitu." Sidhani aliunganisha sabuni hiyo na ujumbe. Alidhani ni mchezo wa mtoto, na mimi nikauacha uwe mchezo.

Kukohoa mara mbili kukasikika. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, na Haboba akajifunika na kuondoka. Baba aliuangalia mfereji.

"Alikuwa nje?"

"Alikuwa nje."

Aliinua macho, akautazama mgongo wa Haboba ukienda. Nilimwona akielewa. Alielewa vibaya, na nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa moja tu: alikubali. Nililiweka ulimini, nikalimeza.

Baba alitimiza ahadi yake: hakukasirika. Alimzika Biskuti mwenyewe, akarudi, akavua buti, akalala. Ila asubuhi ile hakunituma kuuliza Haboba ameamka namna gani. Wala asubuhi iliyofuata. Haboba alikuwa kwa Mama Rajabu na ungo wake, na kila niliponyanyua mguu mlangoni aliinua uso. Siku ya nne aliniuliza, "Baba yako ni mgonjwa?" Nikasema hapana. Kabla ya Ramadhani alikunja mkeka wake, akarudi Bombo kwa mjomba. Macho yake hayakutibiwa hadi mwisho. Baba alimlipia gari, akampelekea sukari kila Idi, na hakumtumia neno.

Mimi niliacha shule mapema, na mengine yote niliyonayo nimeyapata kwa kusoma peke yangu. Nimesoma vitabu vya mbwa, na vya dini, na vya desturi za watu wa baba yangu. Nimeshajua kosa lilikuwa wapi katika kila kimoja. Ujuzi huo hauna pa kuupeleka.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, Haboba alipoanza kuondoka kweli, kuiaga dunia. Baba alikuwa amestaafu. Aliniita, akaniketisha, akazungumza polepole kama zamani. "Enda Bombo. Mwambie haboba wako, ile ya mbwa imekwisha. Mwambie nimemusamehe."

Nilikwenda. Alikuwa hawezi tena kuona, akanijua kwa mkono. Nikamwambia Baba anamsalimu, na kwamba amemsamehe. Vidole vyake vilipapasa ukingo wa mkeka, vikitafuta.

"Amenisamehe kitu gani, biniya?"

Mjomba alikuwa mlangoni. Nje watu walikuwa wakipasua kuni. "Sijui, Haboba," nilisema.

"Basi mwambie nashukuru," alisema.

Ujumbe huo niliufikisha kama ulivyo.